Dudu Lililoshonwa Mgongoni

Kitendawili nawategea, wajukuu: ana macho manane haoni, ana midomo miwili hali, na akitaka kutoka kwake humwita fundi wa nguo. Nani huyo? Mmeshindwa? Haya, nipeni mji. Ni dudu la sayari ya mbali, na ndani yake yumo mwigizaji, Mzee Wilf Apps.

Mwaka ule wa sitini na tano nilikuwa mshonaji katika studio ya televisheni, hapa hapa London. Tulikuwa tunatengeneza kipindi cha safari za angani, na wiki ile ilikuwa zamu ya dudu kufa, ile sehemu ambayo watu wanaitaja hadi leo. Dudu lenyewe lilikuwa mpira na gundi tu. Zipu ingeonekana kwenye kamera, kwa hiyo nilimshonea Mzee Wilf humo ndani, mshono mgongoni kama godoro.

Alikuwa na miaka sitini na saba, akawaambia wakubwa wa studio hamsini na tano. Tangu Krismasi hakuwa amepata kazi nyingine.

Kwenye mazoezi mwongozaji, Bwana Lomax, alimwinamia. "Wilf, unapumua humo? Ukishindwa sema, nimlete kijana."

Dudu likapunga mkono mmoja, basi.

Saa kumi kengele ya chai ikalia. Chai ya saa kumi kwetu ni sheria ya chama cha wafanyakazi: hugusi chombo cha kazi, hata sindano. Ukigusa, wote wanatoka nje na kipindi kimekwisha. Nami namsikia Mzee Wilf anahema ndani ya mpira. Nikashika mkasi.

"Doreen! Weka chini hicho!" Huyo ni Gathercole, msemaji wa chama, biskuti mdomoni. "Ni chai!"

"Mzee anatufia humu, we Gathercole!"

"Sheria ni sheria, dada. Mkasi ni chombo."

Nikauweka. Nikapiga magoti nyuma ya dudu, nikaanza kukata uzi kwa meno, mshono mmoja mmoja, huku natema gundi. Watu wakaacha vikombe vyao.

"Na meno je?" mmoja akauliza.

Gathercole akamaliza kutafuna kwanza. "Meno ni mali yake mwenyewe." Kisha akaleta kikombe chake, sukari vijiko vitatu, akampa Mzee Wilf, aliyetoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa.

Bwana Lomax aliporudi akakuta mgongo uko wazi. Zimebaki dakika ishirini turekodi, na siku zile hatukuwa tukikatakata mikanda: unarekodi mara moja, imetoka. Nikajua leo nafukuzwa. Kumbe akachuchumaa mbele ya mzee.

"Sina kijana yeyote, Wilf. Nilikutisha tu, nimekosa. Sasa nijibu: ulikuwa unapumua humo?"

Mzee Wilf akaweka kikombe chini.

"Hapana, bwana. Tangu saa saba. Lakini mwambie Doreen asinishone tena, nami nitakufa nikiitazama kamera yako usoni, mgongo wazi usionekane."