Kipimo cha Nduku

Memsabu alinipa mzigo siku ya Jumatano, na juu ya mzigo akaweka barua. Mzigo ulikuwa na vitu vitatu: koti la sufu la Robin, kijana wake mkubwa aliye shule ya bweni, gauni la buluu la Penny, binti yake ninayemlea, lenye kola nyeupe, na viatu vya Penny, kisigino cha kushoto kimelika upande. Barua ilikuwa ya askari.

"Wewe nasimamishwa njia," Memsabu akaniambia, "wewe naonyesha hii. Askari naona nguo hapana ya kuiba."

Alisema kwa roho safi kabisa. Na alisema kweli. Ilikuwa miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari, kila basi linasimamishwa, kila kikapu kinamwagwa chini. Mtumishi akikutwa na nguo ya mzungu bila karatasi, analala ndani. Nikasema asante Memsabu, nikabeba mzigo mpaka jikoni.

Jikoni alikuwa Jared Odhiambo, mpishi wetu, anamenya viazi. Aliacha viazi, akapangusa mikono, akachukua barua na kuisoma kwa sauti ya D.C., mkuu wa wilaya, tumbo mbele.

"Mchukuzi wa barua hii, Syokau, yaya wangu, amepewa gauni moja, koti moja la kijana wangu, viatu pea moja." Akanitazama. "Kumbe wewe ni mchukuzi tu! Abiria ni gauni. Hii gauni iko na makaratasi mazuri kuliko kipande yangu."

"Wacha mchezo, Jared. Niambie nipeleke nini nyumbani."

"Koti peleka. Koti haiulizi ilikuwa ya nani. Viatu hapana. Kiatu ya kuvaliwa iko na mguu ya mtu ndani. Mtoto wako atakuja kutembea kama Penny, ngu-nda, ngu-nda, mpaka mbuzi wakimbie."

"Na gauni?"

Hapo hakucheka haraka. Aliligeuza gauni, akatazama vifungo. "Gauni ni nzuri," akasema. "Lakini si ni wewe unaifuanga?"

Ni mimi. Mwaka mzima nilikuwa nalifua lile gauni, nalipiga pasi, namfunga Penny vifungo kila Jumapili. Kifungo cha tatu nilikishona mwenyewe. Nikimfunga Nduku vifungo hivyo, nitakuwa bado niko kazini.

Nduku ni mtoto wangu wa pili. Nilimwacha na miaka miwili, kwa mama mkwe wangu huko Kithimani, mimi na kijana wangu Mbuvi tukiwa tunalia na yeye analala. Baba yao Nzau alikuwa ameenda Mombasa, akaandika barua mbili, halafu Mombasa ikammeza. Nikaja Ruiru kwenye mashamba ya kahawa kutafuta kazi, nikapewa mtoto wa kulea. Penny na Nduku walizaliwa mwezi mmoja. Memsabu alipenda sana hiyo habari. Alikuwa anawaambia wageni wake.

Mara ya mwisho nilipoenda nyumbani, ilikuwa imepita mwaka na nusu bila kuonana, Nduku alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake siku tatu nzima. Siku ya nne nikapanda basi nikarudi. Sikumgusa hata kidole.

Safari hii nilitaka aje mwenyewe. Hicho tu. Nilitaka kumletea kitu ambacho hakuna mtoto mwingine ameingiza kichwa ndani yake, akivae, aje.

"Nitanunua jipya," nikamwambia Jared. "Thika."

"Basi hii nipe mimi. Aketch atavaa." Aketch ni msichana wake, yuko kwao Nyanza. Jared akalining'iniza gauni hewani, akaweka mkono juu yake kuonyesha kimo cha mtoto. "Aketch ni hivi." Mkono ukapanda. "Ama hivi." Ukashuka kidogo. Ukapanda tena. Halafu akakunja gauni vizuri, akaliweka juu ya kabati la unga, akarudi kwa viazi vyake. Viatu nilivirudisha chini ya kitanda cha Penny kimyakimya, na hakuna mtu aliyeuliza.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi ya Thika na koti kwenye kikapu. Penny alilia getini. Alishika leso yangu, ikabidi nimfungue vidole kimoja kimoja, nikiimba ule wimbo wetu wa kuhesabu, ili acheke. Akacheka.

Kabla ya Thika tukasimamishwa. Askari alisoma barua, akatazama koti, akanitazama mimi, akatazama koti tena, kama anatafuta mahali tunafanana.

"Koti ya nani?"

"Imeandikwa hapo, afande."

"Nauliza wewe, siulizi barua."

"Ya kijana wangu."

"Barua inasema ya kijana ya mzungu."

"Ilikuwa. Sasa ni ya wangu."

Alifikiria sana. Watu kwenye foleni wakaanza kukohoa. Mwishowe akatia mkono kwenye mifuko yote ya koti, akapata gololi moja ya kioo, akaiweka mfukoni mwake mwenyewe na kusema pita.

Thika siku hiyo ilikuwa imejaa. Wafanyakazi wa katani na wa viwandani wote wametoka, kila mtu anatafuta kitu cha kupeleka nyumbani. Nikaenda kwa duka moja ya Mhindi nyuma ya soko, ile iko na mafundi wanne wa cherehani kwenye baraza. Kitambaa niliona kutoka barabarani: popolini ya manjano, maua madogo mekundu. Mhindi alikishusha, akakitandaza juu ya meza kwa mkono mmoja, puu! kama mtu anatandika kitanda.

"Ya nani, mama?"

"Ya msichana wangu."

"Fundi atashona saa hii. Basi yako saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa saba iko tayari. Makau! Chukua kipimo ya mtoto."

Makau alikuwa Mkamba mwenzangu, mtu mfupi, pini zimejaa midomoni. Alipojua natoka Kithimani alifurahi, akatoa pini zote ili tuongee. Akauliza habari za mvua, akauliza mimi ni mke wa nani, akauliza kama namjua mjomba wake, halafu akachukua kalamu.

"Mtoto yuko wapi, dada?"

"Nyumbani."

"Basi nionyeshe wewe. Ananunuliwa mbali, anapimwa mbali, ndiyo kazi yetu hapa. Urefu?"

Nikaweka mkono kwenye mbavu zangu. "Anafika hapa."

"Mrefu huyo! Mabega?"

Nikafungua mikono kidogo. Sikufikiria. Mikono ilijua yenyewe. "Hivi. Ni mwembamba."

"Kiuno?"

"Hivi."

"Mama anayejua mtoto wake," Makau akawaambia mafundi wengine. "Wengine wanakuja hapa wanasema tu, 'ni mtoto, shona.' Shingo?"

"Shingo usikaze. Kola ikikaza kidogo tu anatokwa na alama nyekundu hapa, zinakaa siku nzima, anajikuna, analia."

Makau aliandika "shingo", halafu kalamu ikasimama.

"Alama gani?"

"Nyekundu."

"Dada." Akaanza kucheka. "Mtoto wa Nzau wa Kithimani anatokwa na alama nyekundu? Amekuwa nyanya ya kupika?"

Mafundi wote wakacheka, cherehani zikanyamaza. Hata mimi nilicheka, maana mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikatazama mikono yangu. Bado ilikuwa imefunguka, kipimo cha mabega ya Penny katikati yake. Kimo kilikuwa cha Penny, kiuno cha Penny, na ile shingo ninayoipaka poda kila jioni.

Nikajaribu kumweka Nduku pale. Nikafunga macho kabisa, kwenye baraza ya Mhindi, watu wanapita. Nikapata sketi ya nyanya yake. Nikapata jicho moja pembeni ya sketi. Mabega sikuyapata.

Makau aliacha kucheka kabla ya wenzake. Akarudisha pini moja mdomoni, akaitoa.

"Unafanya kazi kwa wazungu," akasema polepole.

"Ruiru."

"Tunaweza kushona kubwa. Tuache pindo refu, atakua ndani yake. Watu wengi wanafanya hivyo."

"Nikishona kubwa atajua simjui."

"Mtoto hajui mambo hayo, dada."

"Mimi nitajua."

Akatazama barabara. Mhindi akapiga kelele kutoka ndani, "Makau, imekwisha?" Makau akajibu kwamba bado. Halafu akafuta alichoandika, mstari mmoja mrefu juu ya vipimo vyote vya Penny.

"Chukua kitambaa hivyo hivyo," akasema. "Usikate. Nenda na sindano." Akanipa sindano yake mwenyewe, vifungo vichache na uzi mwekundu umezungushwa kwenye kipande cha karatasi. "Siku ngapi uko nyumbani?"

"Tatu."

"Kwa mkono, siku tatu zinatosha. Ukipenda mtu."

Nilifika Kithimani jua likianza kushuka. Mbuvi alinikimbilia, akavaa koti pale pale njiani. Ni koti la baridi ya Ruiru, na Kithimani mwezi wa kumi na mbili hata kuku wanatafuta kivuli. Jasho lilimtoka mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia vua. Akasema hasikii joto. Alilala nalo.

Nduku alikuwa nyuma ya sketi.

"Msalimie mama," mama mkwe wangu Kalondu akamwambia.

"Mama wa Ruiru, habari," sketi ikajibu.

Asubuhi yake, baada ya kanisa, nilitandaza kitambaa juu ya mkeka nje ya nyumba. Sikumwita mtu. Nikakaa tu kando yake, nikichagua majani makavu yaliyoanguka juu ya maua. Ndani ya dakika chache kulikuwa na miguu miwili pembeni ya mkeka, imejaa vumbi.

"Ni ya nani?"

"Bado sijui. Lazima nipime kwanza, nione ni ya nani."

Akafikiria. "Inauma?"

"Haiumi."

Akasogea. Nikachukua uzi wa katani, nikauzungusha kifuani pake, nikafunga fundo. Alisimama wima kama askari, pumzi ameifunga. Alikuwa mfupi kuliko Penny, kichwa kizima, na mabega mapana, magumu, ya mtu anayebeba maji. Lile gauni la buluu lisingepita hapo hata kwa kulilazimisha. Nikapima mabega. Nikapima tena. Nikapima mkono, kiwiko, kifundo. Nikapima shingo, na nyuma ya shingo nikakuta kovu dogo ambalo sikulijua.

"Hii ni nini?"

"Mbuzi."

Nikapima sikio.

"Hata sikio?" akauliza.

"Hili gauni ni la mjini. Linataka kila kitu."

"Na hapa?" Akanyoosha kidole gumba cha mguu.

Nikapima kidole gumba. Kalondu, aliyekuwa anachagua maharagwe mlangoni, akageuza uso.

Nilishona siku ile, na kesho yake mpaka mwanga ukaisha. Kila nikimaliza mshono namwita, anakuja, anainua mikono, namvalisha, namvua, anaenda. Alikuwa anakuja kwa gauni. Nilijua hivyo, na sikujali, hata mishono mingine niliifumua makusudi ili aje tena. Siku ya tatu asubuhi nilishona kifungo cha mwisho. Sikuwa na cha kufumua tena. Basi ilikuwa inapita saa nne.

Alivaa mwenyewe ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa uani nafunga kikapu. Akatoka mbio, maua mekundu yote yanapepea, akaita kwa sauti ya juu:

"Mwaitu! Mwaitu, tazama!"

Ndivyo Wakamba tunavyomwita mama. Niliinua kichwa. Mikono yangu ilikuwa imeshafunguka.

Alipita karibu nami mpaka gauni likanigusa goti, akaenda kwa Kalondu.

Kalondu hakumshika. Alibaki na maharagwe mikononi, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. "Mwaitu ni yule," akamwambia. "Mwonyeshe yeye. Yeye ndiye ameshona."

Nduku akageuka. Akaja hatua mbili, tatu, akasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo mkono wangu haungefika. Hakujificha. Akajizungusha mara moja taratibu, mikono mbali na mwili, vile nilivyomfundisha asimame wakati wa kupimwa, ili nione mbele na nyuma.

Mabegani lilikaa sawa. Shingoni halikubana. Pindo lilifika chini ya goti kidogo, pale pale nilipotaka.

"Inatosha?" akaniuliza.

"Inatosha," nikasema.

Akaenda kumwonyesha Mbuvi. Nikabeba kikapu, nikaanza kutembea kwenda barabarani.