Mtoto wa Kulala Kifudifudi

Hamtaamini, lakini hili lilitokea: kiti cha kumlinda mtoto ndicho kilichotaka kumuua.

Leif alizaliwa taya la chini limerudi nyuma, kidevu kama kimemezwa na shingo. Ukimlaza chali, ulimi unaanguka nyuma unaziba koo. Kwa hiyo hospitalini alilala kifudifudi tu. Daktari alimwambia mama yake, Kirsten, "Akikoroma, tulia. Akinyamaza, mgeuze haraka."

Siku ya kuruhusiwa, Dakota Kaskazini nzima, kule Marekani, ilikuwa nyeupe kwa theluji. Mama mkwe wa Kirsten, Arlys, ndiye aliyeendesha pikapu. Leif alifungwa mikanda kwenye kiti chake cha gari, kaegemea nyuma kama mtoto mwingine yeyote, maana bila kile kiti hutoki hospitalini na mtoto. Hakuna aliyewaza kwamba kuegemea vile na kulala chali ni ndugu.

Kirsten alikaa kando yake, anasikiliza anavyokoroma.

"Babu yake alikoroma hivyo hivyo kanisani," Arlys alisema. "Mchungaji akawa anapandisha sauti."

Kirsten akacheka. Upepo ukainua theluji, barabara ikapotea. Ndipo akagundua anasikia waipa za kioo tu.

"Mama, simsikii."

"Amelala tu, mwanangu."

"Simsikii, Mama. Simama."

Arlys akasimamisha pikapu. Midomo ya mtoto ilikuwa ya bluu. Kifua kinavutavuta, hewa haiingii. Akabonyeza kifungo cha mkanda, kidole kikateleza, akabonyeza tena, kikafyatuka. Akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akamsugua mgongo.

"Leif. Vuta, baba. Vuta."

Ulimi ukashuka mbele. Mtoto akavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu.

Lori likatokea kwenye ule weupe, likawapita karibu hadi pikapu ikatikisika. Simu hazina mtandao.

"Hapa tutagongwa," Arlys alisema. "Nyumbani ni karibu kuliko hospitali. Kiti au mikono? Sema niende."

Kwenye kiti, koo litaziba tena. Mikononi, pikapu ikigonga kitu tu, mtoto anarushwa kwenye kioo.

"Mikono. Nenda mwendo wa kinyonga."

Akafungua koti, akamlaza kifuani, tumbo kwa tumbo. Magurudumu yaliteleza njiani, na kila yakiteleza alihisi kile kichwa kidogo kinataka kumponyoka.

Walipofika, Leif alikuwa anakoroma, lakini vidole vya Kirsten viligoma kufunguka. Arlys alivikunjua kimoja kimoja, huku naye analia.

Ungekuwa wewe kwenye ile pikapu, ungemfunga au ungemshika?