Jicho la Bi Harusi

Siku Amino alipofika Hulugho kutoka Banissa, bi harusi wa wiki moja, alifanya kosa moja tu, nalo lilimtoka kabla hajatua mizigo. Alitazama ngamia wa mama mkwe wake zizini, akasema kweli wamenenepa. Hakusema mashallah. Majirani wakatazamana. Rukiyo, mama mkwe mwenyewe, akalisema neno hilo kwa niaba yake, polepole, mara tatu.

Mwezi haukuisha. Ngamia mmoja alivimba shingoni, ngozi ikageuka nyeusi, ikabanduka na kuacha kidonda kipana kama sahani. Akafuata wa pili. Walipofika sita, hakuna aliyehitaji kuuliza: ni jicho baya la bi harusi. Amino akakatazwa kukaribia zizi, na wanawake wakawa wanawavuta watoto wao ndani akipita. Deeq, mumewe, ni mwanamume mwema ila mbele ya mama yake hana ulimi. Rukiyo akapiga simu Banissa: kaka yake Amino aje Alhamisi amchukue.

Hata hivyo Rukiyo hakuwa mjinga, na ngamia ni ngamia. Akamwita pia Musembi, daktari wa mifugo, Mkamba aliyezoea jua la huku kuliko alivyotaka. Musembi alifuta usaha kwa pamba, akauliza vidonda vinatibiwaje.

"Mafuta ya gari, ile chafu," Rukiyo akamjibu kwa Kiswahili chake. "Mimi mwenyewe napaka kila siku."

"Unapaka kwa kitu gani? Kwa kitambaa?"

"Brashi."

"Kila ngamia ana brashi yake?"

Rukiyo alimkazia macho kuona kama anataniwa. "Brashi ni moja, daktari. Hapa si duka ya rangi."

Musembi akaipitisha pamba nyingine kwenye brashi, akaondoka na vichupa vyake kwenda maabara.

Siku zile za kungoja, Amino alikuwa ameanza kujiogopa. Akimwona mbuzi mzuri, anainamisha uso. Dhambi ya kuambiwa kila siku ni kwamba mwishowe unaikubali.

Alhamisi asubuhi, begi lake likiwa mlangoni, Musembi akarudi na karatasi.

"Ni bakteria," alisema. "Jamii yake inaishi kwenye ngozi ya kila mnyama, hata yangu mimi, na mara nyingi haina neno. Lakini hii yenu imebeba jeni ya ziada, yaani maagizo ya kutengeneza sumu. Sumu hiyo ndiyo inayoua ngozi mpaka ibanduke. Kwanza iliingia penye mkwaruzo wa mwiba, au penye kupe."

"Na hao wengine?" Deeq akauliza.

Musembi akakohoa, akatazama viatu vyake. "Bakteria ileile, na jeni ileile, tumeikuta kwenye brashi." Kisha akaongeza haraka kwamba dawa ipo, ni sindano za siku tano, brashi ichomwe moto, na ngamia wote sita watapona.

Amino alikaa pale pale mavumbini akalia, na wala hakuona haya. Alilia kwa furaha, kwa uchovu, kwa hasira pia, lakini furaha ndiyo iliyokuwa nyingi. Hakuwa na jicho. Hakuwahi kuwa nalo.

Rukiyo akaomba simu. Alipiga Banissa, na alipompata mama yake Amino alisema kwa sauti kubwa, akiwa ameugeukia ua ambao majirani walikuwa nyuma yake wakijifanya wanafua.

"Dada, mwanao wa kiume akiwa yuko njiani, mwambie ageuze gari. Binti yako hana kosa. Ni mimi niliyewapaka ngamia wangu ugonjwa kwa mkono huu, nikamsingizia mtoto wa watu. Mimi namtaka hapa. Kama yeye bado ananitaka, hilo muulize mwenyewe."

Akamnyooshea Amino simu.

Amino akaiweka sikioni. Upande wa pili mama yake alikuwa akiita jina lake.

"Hooyo," akasema, yaani mama, akimtazama Rukiyo. "Nabaki."