Mgeni Wetu Langoni

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na dirisha moja, nalo lilizibwa na nyuso za mashabiki waliotaka kujua nani atasimama langoni. Wachezaji walikwisha kuvaa. Harufu ya dawa ya kuchua misuli ilikaba koo. Kufuli, mlinda lango, aliketi mwisho wa benchi, glavu mapajani, akingoja watu wawili waamue kama fainali hii ataicheza au ataitazama. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na rangi ya ngozi yake haikuwa ya wenzake.

Mmoja wa wale wawili alikuwa mfadhili, mwenye karakana ya mbao. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa klabu, ambaye pia ni baba mkwe wa Kufuli.

"Mzee, tusizungushane," mfadhili alisema. "Tukitwaa kombe na lile langoni, tumeshinda sisi au limetushindia lile?"

"Siku ya nusu fainali ulilibeba begani," nahodha akamchokoza. "Au bega lako halina uraia?"

Kikazuka kicheko, kisha kikakatika.

"Lile?" mwenyekiti alifoka. "Staghafiru! Gogo la karakanani kwako ndilo lile. Mwanadamu ni yule."

"Haya, yule. Yule ana kwao."

"Na awe nako. Yule ni mgeni wetu, na mgeni hanyang'anywi kiti alichokwisha kupewa. Langoni atasimama yeye. Nimemaliza."

Alitazamia shukrani. Kufuli akainuka, akaziweka glavu juu ya benchi.

"Baba, mimi sichezi."

"Mwanangu, si nimekutetea!"

"Huyu kaniita lile, nimezoea, linaingia huku linatokea huku. Wewe umeniita mgeni. Mgeni huulizwa anaondoka lini. Wajukuu zako, baba, wale unaowasomesha alifu na be, nao ni wageni? Au ni nusu tu?"

Mfadhili akacheka puani. "Umesikia, mzee? Umempa kiti, sasa anataka na nyumba."

Uwanjani filimbi ya mwamuzi ililia, ikiziita timu. Neno "mgeni" mwenyekiti alikuwa akilitamka kwa mapenzi tangu siku ya ndoa, akidhani ni taji amvikalo mkwewe. Akilifuta sasa, mfadhili atajitoa; asipolifuta, amempoteza mtoto.

"Nimekosea," alisema hatimaye. "Wewe si mgeni. Wewe ni mwanangu."

"Waambie na wale wa dirishani."

Mzee akasogea dirishani. Nyuso hazikurudi nyuma; nyingi zilikuwa za majirani zake, watu wa safu moja naye msikitini.

"Langoni atasimama mwanangu," alisema. "Kwao ni hapa. Asiyeridhika, uwanja una mlango."

Mmoja akazomea, wakadakia wengine. Mfadhili akatoka, akaubamiza mlango, na wachezaji wakatazamana, wasijue kama jezi walizovaa bado ni zao.

Kufuli akavaa glavu taratibu, kidole baada ya kidole. Akampita baba mkwe wake pasi na kumtazama, akatoka kuiendea zomeazomea ile. Mzee alibaki ameshika nondo za dirisha, asijue kama amesamehewa, wala asithubutu kuuliza.