Hapana ya Mzee Everett

Everett Pelkey alikuwa amekula vipande viwili vya pai ya tufaha iliyopikwa na wanafunzi wa sekondari, akawaambia, "Wajukuu zangu, leo mimi ni wenu." Mwongo mkubwa! Alikuwa keshaamua kulikataa jengo jipya la shule, maana lingepandisha kodi ya shamba lake. Kumwambia bintiye hivyo usoni, ubavu huo hakuwa nao.

Bintiye, Corinne, mwalimu wa sayansi, alikaa kando yake. Miaka miwili alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba, theluji hadi magotini, akiliombea kura jengo lile. Paa la shule lilivuja. Hata leo mkutano wa mji, wa kulipigia kura jengo hilo, ulifanyika ukumbini mwa shule, ndoo chini zikikinga matone.

"Baba, uko nami?" alikuwa amemwuliza asubuhi, akimfungulia mlango wa gari.

"Sasa nisiwe na wewe, niwe na nani?"

Hila yake ilikuwa nyepesi. Kura hupigwa kwa sauti: wanaokubali wapaze zao, kisha wanaokataa. Na nyuma ya ukumbi walijazana wakulima wapingaji, akina Roland Thibault, watu wa makoo mapana. Wakinguruma wale, nani atamsikia mzee mmoja?

Lakini ulikuwa mwezi wa Machi, na baada ya chakula jua likatoka. Usiku wa barafu ukifuatwa na jua, utomvu wa miti ya mepo, unaochemshwa kuwa shira tamu, huanza kutiririka, na mchemsha shira hangoji mkutano wala mazishi. Akina Roland wakachomoka mmoja mmoja, kofia mkononi. Everett, aliyeacha kuchemsha siku nyingi, alikuwa ameinamia pai, hakuwaona wakitoka. Ulafi nao!

"Wanaokubali?" akauliza mwenyekiti, Bi. Hester Crandall.

"Ndiyooo!" Madirisha yakatetemeka. Everett akachezesha midomo tu.

"Wanaokataa?"

Akainamisha kichwa, akafumba macho, akajaza kifua.

"HAPANA!"

Ikatoka peke yake, ikagonga ukuta, ikarudi. Kisha likasikika tone ndani ya ndoo. Everett akageuka nyuma, akaona viti vitupu.

"Eh, mzee!" mtu akapiga kelele. "Umetupasua masikio!"

Kicheko kikalipuka. "Hapana imesikika," alisema Hester, akijikaza asicheke. "Ndiyo imeshinda."

Watu wakarukaruka, wakakumbatiana. Corinne hakuruka. Alikuwa akimtazama babake, na Everett aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angepata shimo angejitupa humo. Alitaka kusema kodi, akataka kusema uzee. Akachukua kofia yake, akamfuata bintiye.

Walipofika mlangoni, mwanafunzi mmoja wa Corinne akawakimbilia na pai nzima, ingali na joto. Alikuwa jikoni wakati wa kura, hakusikia kitu.

"Babu, tulikuwekea hii. Mwalimu alituambia tangu asubuhi, kura ya kwanza ya ndiyo ni yako."

Everett akaipokea. Angefanyaje?

Garini aliipakata pai mapajani, joto lake likimpenya suruali. Corinne alishika usukani bila kuwasha gari.

"Corinne, mwanangu..."

"Funga mkanda, Baba," alisema. Hakumtazama.