Grisi Si Manukato

Mume wangu Shakul alikufa Ijumaa, na Jumapili kaka yake Siraj alikuwa tayari analizunguka gari langu, akigonga boneti kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Nilimwona kupitia dirishani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa eda, macho yamevimba kwa kulia, lakini kuona niliona.

Gari lenyewe ni Pijo 504, jeupe, kuukuu kuliko ndoa yangu. Ndilo mahari yangu. Shakul alipokuja kuniposa Mbale hakuwa na ng'ombe wala mbuzi, akamwambia baba yangu, Mzee Gidudu, mbele ya shehe na watu wote waliojaa pale mtaani kwetu Namakwekwe: mahari ya Nafuna ni gari hili. Siraj alikuwepo. Alikula pilau sahani mbili. Tangu siku hiyo Shakul ndiye aliyeliendesha, na nilipotaka kumkera nilimwambia, "Dereva, punguza mwendo, mwenye gari anataka kusinzia."

Kabla hajafa, gari lilizama shimoni njia ya Budondo, miguu ya mbele ikavunjika. Shakul akalikokota hadi nyumba tuliyopanga hapa Jinja, akalipandisha juu ya magogo, akasema atalitengeneza akipata nafasi. Nafasi haikuja. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akiwa anavaa viatu.

"Mulamu," Siraj aliniambia, kwa sababu Wasoga ndivyo wanavyomwita shemeji, "gari hii imekufa. Eda ikiisha wewe unarudi kwenu Mbale, mimi natoa hii takataka hapa."

"Gari ni mahari yangu. Wewe mwenyewe ulisikia."

"Gari yenye inatembea ndiyo mahari. Hii ni vyuma tu."

Akufukuzaye hakwambii toka, lakini Siraj aliniambia toka, na tarehe akaniwekea. Kisha jirani yangu Metrine, Mkenya wa upande wa Bungoma, akaniletea habari kutoka stendi: Siraj ameshamwahidi gari lile mtu wa Kampala anayekodisha magari ya zamani kwa maharusi.

"Sasa takataka gani hiyo inabeba bibi harusi?" Metrine aliuliza.

Siku hiyo nililala na hasira, nikaamka nayo. Kwetu mjane akiwa edani hatoki nje ya geti miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, na mwanamume asiye maharimu haingii kwake. Sawa. Lakini gari lilikuwa ndani ya geti, na mimi nilikuwa ndani ya geti. Sikusikia popote kwamba mjane asifungue nati.

Kazi yangu ni kuuza spea. Bushi, bolijointi, shokapu, nikishika tu gizani nakwambia ni za gari gani. Kufunga hata moja sikuwahi. Muuza nyama halazimiki kujua kuchinja. Mwenye kujua alikuwa Obura, mume wa Metrine, fundi wa malori. Yeye kuingia kwangu haikuwezekana, watu wangepata la kusema mwaka mzima. Basi akaleta kreti ya soda upande wake wa ukuta, akakaa, akawa ananifundisha gari asiloliona.

"Dada, umeona nati tatu pale juu, ndani ya boneti?"

"Nimeziona."

"Usifungue yoyote. Kwanza nieleze springi inakaa namna gani."

Ndivyo tulivyoendelea wiki baada ya wiki, kila alasiri akitoka kazini. Nilipiga jeki, nikaondoa magurudumu, nikashindana na boliti zilizooza kwa kutu hadi viganja vikachubuka. Bolijointi ya kulia ilikataa kabisa kutoka. Niliigonga kwa nyundo nikimtaja Siraj, na ilipotoka iliruka hadi kwenye sinki la kufulia. Springi ndiyo iliyoniogopesha. Obura alirusha vibano viwili juu ya ukuta, vikaanguka kwenye majani.

"Ile kitu imebeba nguvu ya gari mzima," alisema. "Ukiifungua bila kubana, inakutoa kichwa. Banisha huku kidogo, huku kidogo. Usiwe na haraka."

Nilibana huku kidogo, huku kidogo, nikisoma kila dua niliyoijua.

Springi ya kushoto ilipolegea, nikakuta kitu kimefungwa mahali inapokaa. Kilikuwa kipande cha shati la buluu la Shakul, shati nililomtafutia nyumba nzima, kimeviringishwa ili kuzima mlio. Maana gari lile lilikuwa linalia. Likipanda tuta, mtaa mzima unajua Shakul kapita. Kumbe mume wangu alitibu ugonjwa kwa bendeji. Nilikaa chini kwenye mafuta, nikamgombeza marehemu kwa sauti, kisha nikalia mpaka Obura kule ng'ambo akaondoa kreti yake. Nilimpenda yule mtu mzembe. Kile kitambaa nilikifua nikakihifadhi.

Vyuma nilivisugua kwa brashi na mafuta ya taa, nikavipaka rangi nyeusi. Mikono ile ya chini, inayoshika magurudumu, Metrine aliibeba kwenye beseni kichwani kama anayepeleka mihogo sokoni, akaenda kuitoa bushi zilizokufa, ile mipira ya kwenye maungio, na kushindilia mpya kwa mashine. Spea zenyewe zilitoka dukani kwangu, yeye huyo huyo akizifuata.

Siraj alisikia. Alikuja na shehe wa mtaa, akamsimamisha getini.

"Shehe, ona mwenyewe. Mjane analala chini ya gari, miguu nje. Hii ni eda gani?"

Nilitoka chini nikiwa nimejifunika vizuri, nikasimama mbali. Shehe alinitazama mikono.

"Mama, umejipaka nini?"

"Grisi, shehe."

"Inanukia?"

"Inanuka."

Shehe alikohoa, na nadhani kikohozi kile kilikuwa kicheko. "Grisi si manukato," alisema. "Na nje hajatoka. Siraj, wewe ulitaka akae anatazama ukuta?"

Siraj alilipima gari kwa macho, kisha geti. Aliondoka, na mtazamo ule sikuupenda.

Siku ya mwisho ya eda, kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake. Yalibaki maneno ya Obura aliyoyarudia hadi nikayaota: "Boliti za ile mikono usikaze gari ikiwa juu ya jeki. Ishushe kwanza, ikae na uzito yake. Ukikaza miguu ikining'inia, mpira unajipinda, unachanika mapema." Basi alasiri nikalishusha. Lilikaa chini taratibu, likasimama kwa miguu yake lenyewe, na mimi nikaingia uvunguni na spana.

Nilikuwa nimekaza boliti za upande mmoja nilipoona viatu. Viatu vya Siraj, na mabuti ya mtu mwingine. Nyuma yao gari la kuvuta lilikuwa linarudi rivasi kuingia getini kwangu, na mnyororo ukaburuzwa.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu yake. Alichagua siku hii, kabla jua halijazama, kwa sababu bado niko edani. Akilitoa gari nje ya geti, siwezi kulifuata. Nitasimama pale ndani nikipiga kelele, na kesho litakuwa Kampala limefungwa maua.

"Mulamu, toka huko chini," alisema. "Tusiaibishane."

Nilitoka. Nilikuwa na hasira, na hofu pia, sitadanganya. Nilifungua mlango wa dereva, nikaketi, nikafunga mlango, nikashusha kioo.

"Vuta," nikasema.

"Toka kwa gari."

"Sitoki. Mimi ni mjane, niko edani, na jua bado liko juu. Wewe vuta. Lakini ukilitoa gari hili utakuwa umenitoa na mimi, na mtaa mzima utasema Siraj alimburuta mke wa marehemu ndugu yake nje ya eda kwa mnyororo."

Metrine alikuwa ameshafika getini, na wanawake wengine nyuma yake, mmoja bado ana mwiko mkononi. Obura alikuwa amepanda juu ya kreti, kichwa chake kimetokeza ukutani kwa mara ya kwanza. Mwenye mabuti, kijana mmoja aitwaye Wabwire, alimtazama Siraj, akanitazama mimi.

"Mzee, wewe uliniambia gari haina mwenyewe," alisema. "Mimi hii sivuti." Akaanza kukunja mnyororo wake.

Siraj alibaki amesimama. Alijaribu kucheka, akajaribu kuniita dada, akajaribu kuwaeleza wale wanawake habari za urithi.

"Urithi gani, bambi?" mwenye mwiko akamuuliza, kama anayemhurumia. "Mahari ya mtu tangu lini inarithiwa na shemeji?"

Nami nilikaa pale, mikono kwenye usukani, nikingoja. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Geti alilotaka linifunge mimi ndilo lililomfunga yeye.

Adhana ya magharibi ilipotoka, nilifungua mlango. Eda yangu ilikuwa imekwisha. Nilikwenda kuswali, nikarudi, nikamkuta bado yupo, nikampa tochi.

"Shemeji, nimulikie. Zimebaki boliti za upande mmoja."

Aliitazama ile tochi, akaiweka juu ya boneti, akaondoka. Metrine ndiye aliyenimulikia.

Asubuhi Obura aliingia kwangu kwa mlango, akatikisa magurudumu, akalala chini akakagua kila nati, akainuka akifuta mikono. "Mimi sina neno," alisema. Nikafunga nyumba yangu, nikatia funguo kwenye mkoba, nikalielekeza gari Mbale. Nilikuwa nakwenda kwetu, ndiyo, ila kwa mahari yangu mwenyewe, na Jumapili ningerudi. Kuendesha najua, Shakul ndiye aliyenifundisha. Kile kitambaa cha buluu nilikifunga kwenye kioo cha ndani.

Njiani, pale Bugembe, mbele ya duka la Siraj la saruji, kuna tuta. Zamani tukilipanda, mlio wa gari ulimtoa dukani akatupungia mkono kabla hatujamfikia. Siku hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ameinamia simu. Nikapanda tuta. Magurudumu ya mbele yakainuka, yakashuka, kimya kabisa. Siraj hakuinua kichwa.

Hilo sikulikubali. Nilisimama pembeni, nikaangalia nyuma hakuna gari, nikarudi rivasi hadi ng'ambo ya tuta. Nikatia gia ya kwanza, nikapanda mara ya pili, mkono wangu wenye grisi kwenye kucha umelala juu ya honi, na sikuuondoa mpaka aliposimama.