Udi wa Bi Waridi

Mwaka wa pili wa uhuru, adhuhuri moja, Bi Waridi wa Gazi, ajuza wa miaka sitini na mitatu, alifukiza udi chumbani mwake mpaka harufu ikafika kijiji cha Majoreni. Mumewe Abdulkadir alikuwa akirudi siku hiyo baada ya wiki tatu safarini. Binti yao Mwanafatuma aliponusa, akadhani mama kapandwa na pepo, akamleta mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee.

"Pepo gani, we mwana?" Waridi alifoka. "Namngoja babako!"

"Mama! Kwa umri huu?"

"Umri umenizuia kula?"

Abdulkadir akapiga hodi, ndevu zimekolea hina. Mwalimu akainamisha macho.

"Karibu, bwana," Waridi alisema kwa sauti laini, kisha akamgeukia binti. "Nyinyi someni huko barazani. Tena kwa sauti!"

Akatia komeo.